Kudurusu KCSE bila kukremu: mwongozo kamili wa wiki 12

Saa tisa usiku, miguu ndani ya karai la maji baridi, noti za Biolojia mapajani. Kuanzia mtaa wa Nyalenda, Kisumu, hadi Kakamega hadi Nakuru, watahiniwa wengi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne nchini Kenya, husoma hivi kila Oktoba. Novemba ikifika wanakaa mbele ya swali ambalo wanakumbuka hata ukurasa wake, rangi waliyoupaka na doa la chai lililokuwa pembeni, lakini jibu haliji. Hawa si wavivu. Wametumia saa nyingi kwa kazi isiyowafaa, yaani kusoma tena na tena noti walizokwisha kuzisoma.

Maneno yakizoeleka machoni humfanya msomaji aamini kwamba anayajua. Mtihani haukuonyeshi ukurasa. Hukuachia nafasi tupu na kukudai utoe kitu kichwani. Basi zoezi la kila siku liwe hilo: funga kitabu, toa kichwani, sahihisha, kisha urudi tena baada ya siku kadhaa. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata njia hiyo.

Mpango huu unaanza Agosti, shule zinapofunga muhula wa pili, na kuishia karatasi za Novemba. Ukiwa umebakiza wiki sita, hatua ni zilezile ila mada zipungue: chagua zile zinazokupotezea alama nyingi na uache zile ambazo hata ukizisoma zitakuongezea moja au mbili.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Silabasi ya kila somo, au orodha ya mada iliyo mwanzoni mwa kitabu cha kiada cha Kidato cha Kwanza hadi cha Nne.
- Karatasi za KCSE za miaka mitano au sita iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihisha wa kila karatasi. Saiba (duka la intaneti) huchapisha. Mkichanga watu watatu, kila mmoja achapishe masomo mawili au matatu, kisha mpeane.
- Daftari moja nene la kurasa 200. Hili litakuwa daftari la makosa.
- Karatasi mbili za manila. Kunja moja katikati na uikate, ufanye hivyo mara tano kwa jumla. Utapata kadi 32.
- Bahasha nne kwa ajili ya kadi.
- Karatasi chakavu, hata zilizoandikwa upande mmoja.
- Kalamu ya buluu au nyeusi, nyekundu moja, na penseli.
- Saa ya mkono au simu ya kabambe (ile ndogo ya vitufe) ya kupimia muda. Simu janja ikae chumba kingine na mtu mwingine.
- Kikokotoo utakachoingia nacho mtihanini. Kiwe kilekile tangu sasa ili vidole vijue vitufe.
- Taa ya sola iliyochajiwa mchana. Stima ikipotea saa moja jioni, kipindi kisipotee nayo.

Kama nyumbani ni chumba kimoja na runinga haizimwi, tafuta mahali kabla hujatafuta karatasi. Kuna maktaba ya umma Kisumu, Nakuru na Kakamega. Darasa la shule ya msingi iliyo jirani nalo linafaa, ukiomba ruhusa mapema na kulifagia ukimaliza.

Hatua ya 1: Jipime ujue pengo liko wapi (siku 4)

Usianze na ratiba. Ratiba inayotengenezwa kabla ya kujipima huwa ni orodha ya masomo unayoyapenda.

Andika mada zote za somo moja kwa mstari, kuanzia Kidato cha Kwanza. Kwa kila mada tafuta maswali matatu kutoka karatasi za zamani uyajibu bila kitabu. Ukipata yote matatu, weka alama ya tiki. Ukipata moja au mawili, weka nukta. Ukikosa yote, weka duara. Usiweke alama kwa kuhisi, kwa maana kuhisi ndiko kulikokudanganya tangu mwanzo.

Watahiniwa wengi hushtuka kukuta maduara kwenye mada za vidato vya chini. Mtihani huuliza kazi ya miaka yote minne, na katika Hisabati, Karatasi ya 1 hutegemea sana Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwanafunzi aliyekesha na vekta na matriksi huku akikosea sehemu, uwiano na logarithimu anatupa alama zilizo rahisi kupatikana.

Utajua umeifanya vizuri ukiwa na ukurasa mmoja kwa kila somo, wenye alama tatu zilizochanganyika. Ukurasa uliojaa tiki tupu unamaanisha ulichungulia.

Hatua ya 2: Panga wiki, si siku

Ratiba ya siku huvunjika siku ya kwanza mama anapokutuma sokoni. Ratiba ya wiki huvumilia. Hesabu vipindi vya dakika 40 unavyoweza kupata kwa wiki nzima, kisha uvigawe.

Mwanafunzi wa kutwa anaweza kupata vipindi vitatu kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, tangu saa moja hadi saa tatu na robo, akipumzika dakika 7 kati ya kipindi na kipindi. Hivyo ni 15. Aongeze vitano Jumamosi na viwili Jumapili alasiri, jumla 22. Kwa masomo manane, mgawanyo unaofaa ni kama huu: Hisabati 4, Kemia 3, Biolojia 3, Kiingereza 3, Kiswahili 3, Historia 2, Biashara 2, Elimu ya Dini 2. Somo lenye maduara mengi likope kipindi kimoja kutoka lenye tiki nyingi, ila hakuna somo linaloshuka chini ya viwili.

Anayelala shuleni hana uhuru wa saa lakini ana prepu, yaani vipindi vya kujisomea darasani. Aandike mapema kila prepu ni ya nini, maana prepu isiyo na jina huishia kwenye kupanga vitabu na kunong'ona.

Usiweke somo moja mara tatu mfululizo jioni moja. Kipindi cha Hisabati kifuatwe na Historia, kisha Kemia. Kubadilisha somo kunachosha kidogo mwanzoni, na watu huliona hilo kama dalili ya kushindwa. Ukweli ni kwamba unapolazimika kuliacha jambo na kulirudia, unajizoeza kuchagua njia ya kutatua swali, jambo ambalo karatasi ya mtihani hudai kila baada ya dakika chache.

Acha Jumamosi moja kwa mwezi bila kitu. Katika sehemu zetu hakukosi matanga, harusi au homa, na ratiba isiyo na nafasi ya hayo huanguka yote kwa pamoja.

Usingizi uanze saa tatu na nusu usiku, uamke saa kumi na moja na nusu. Hizo ni saa nane, na ni sehemu ya kudurusu sawasawa na Hisabati, kwani ubongo hupanga na kuimarisha ulichojifunza wakati umelala. Anayekesha ili aongeze saa mbili za kusoma huhatarisha kile alichokisoma jioni. Lile karai la maji lirudishwe jikoni.

Hatua ya 3: Endesha kipindi kimoja cha dakika 40

Dakika 5 za kwanza: kitabu kimefungwa. Kwenye karatasi chakavu andika kila unachokumbuka kuhusu mada, hata kama ni nusu sentensi. Ukiona aibu kwa jinsi ulivyoandika kidogo, uko mahali panapofaa. Akili ikishaona pengo lake, hushika upesi kile kinacholijaza.

Dakika 15: fungua kitabu usome sehemu zile tu ambazo hazikuja. Usipake rangi. Usinakili noti kwa mwandiko mzuri zaidi, maana kunakili kunaweza kufanywa akili ikiwa imelala.

Dakika 15: funga tena, ujibu maswali ya mada hiyo kutoka karatasi za zamani. Katika Hisabati, hapa ndipo dakika zote ziende, hata ukipunguza zile za kusoma zikawa 5.

Dakika 5 za mwisho: sahihisha kwa kalamu nyekundu na uhamishe kila kosa kwenye daftari la makosa.

Mafanikio hayaonekani jioni ileile. Ukipata maswali 4 kati ya 10 Jumatatu, na Alhamisi ukapata 7 bila kuisoma tena mada hiyo katikati, mbinu imefanya kazi. Ukipata 10 mara tu baada ya kusoma, bado hujajua lolote kuhusu kumbukumbu yako. Umejua tu kwamba una macho.

Hatua ya 4: Kadi na bahasha nne

Kadi ni kwa mambo yanayohitaji kukumbukwa jinsi yalivyo: fomula, fasili, rangi za mashapo, tarehe, ngeli na viambishi vyake. Hazifai kwa mambo ya kufikiri, kama kuthibitisha pembe za duara.

Upande mmoja swali, upande wa pili jibu lisilozidi mistari mitatu. Tofauti ya kadi nzuri na mbaya ni kubwa. Kadi iliyoandikwa "Majaribio ya ioni" mbele na jedwali zima nyuma haiwezi kujibiwa wala kusahihishwa. Igawe. Mbele: "Ioni za zinki na za alumini zote hutoa mashapo meupe. Utazitenganishaje?" Nyuma: "Ongeza amonia hadi izidi. Mashapo ya zinki yanayeyuka, ya alumini hayayeyuki." Kadi nyingine: "Shaba na amonia?" Nyuma: "Mashapo ya buluu hafifu; amonia ikizidi, yanayeyuka na kuwa myeyusho wa buluu iliyokolea."

Somo likitahiniwa kwa Kiingereza, kadi yake iandikwe kwa Kiingereza. Ukilijua jambo kwa lugha moja na ukaulizwa kwa nyingine, dakika zitaishia kwenye kutafsiri.

Bahasha ziandike: Kesho, Siku 3, Wiki, Wiki 3. Kadi mpya huanzia Kesho. Ukiijibu sawa bila kusita, inasonga bahasha ya mbele. Ukikosea, inarudi Kesho hata kama ilikuwa imefika Wiki 3. Mada iliyosomwa Jumatatu itarudiwa Jumanne, kisha Alhamisi, kisha Jumatatu ya pili, halafu baada ya wiki tatu. Nafasi huongezeka kwa makusudi. Kumbukumbu inayokaribia kupotea, ikiokolewa, hukaa muda mrefu zaidi kuliko ile inayorudiwa ikiwa bado mbichi.

Usitengeneze kadi mpya zaidi ya nane kwa siku. Wengi hukata manila tano kwa jioni moja, wanafurahia rundo, na baada ya wiki hawawezi kulipitia. Rundo la siku lipitiwe kwa dakika 10 hadi 15, ukingoja matatu au githeri ikitokota.

Kufikia wiki ya sita, bahasha ya Wiki 3 inapaswa kuwa nene kuliko zote. Ikiwa ya Kesho ndiyo nene, kadi zako ni ndefu mno au unazisoma badala ya kuzijibu.

Hatua ya 5: Daftari la makosa

Ukilazimika kuacha kila kitu kilichoandikwa hapa ukabaki na kimoja, baki na daftari hili. Karatasi za zamani anazo kila mtu. Kinachomtofautisha anayepanda kutoka D+ hadi B- na anayebaki palepale ni alichofanya baada ya kuona alama ya kosa.

Piga mistari upate safu sita: tarehe, swali (mwaka, karatasi, namba), nilichoandika, kilichotakiwa, aina ya kosa, tarehe ya kurudia. Aina za kosa ni tatu tu. S ni "sikujua". H ni "haraka", yaani ulijua ila ukakosea hesabu, alama au kipimo. M ni "maelekezo", yaani hukujibu kilichoulizwa.

Chukua mfano. Swali: Sh 24,000 zimewekwa benki kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba ikizaa riba, kwa miaka 2. Tafuta riba. Mmoja anaandika 4,800. Huyo hakuhesabu riba ya mwaka wa pili juu ya riba ya kwanza, aandike S. Wa pili anaandika 29,040. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila hicho ni kiasi chote, na riba ni 5,040, aandike M. Wa tatu anaandika 5,400, kwa sababu alibadilisha nafasi za tarakimu akinakili kutoka kikokotoo, aandike H. Wote watatu wamekosa jibu, na kila mmoja anahitaji dawa yake. Wa kwanza arudi kitabuni. Wa pili apige mstari chini ya neno la swali linalotaja kinachotafutwa kabla ya kuanza. Wa tatu asome jibu kwenye kikokotoo mara mbili. Ukiwapa wote watatu dawa ya "soma tena riba", umemsaidia mmoja tu.

Mfano wa Biolojia: fasili ya osmosisi. Watahiniwa huandika kwamba maji hutoka mahali yalipo mengi kwenda yalipo machache, na kuusahau utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Bila utando huo fasili haijakamilika. Hapa nakili kwenye safu ya nne neno lenyewe lililokosekana, si jibu zima, ili jicho liende moja kwa moja kwenye pengo.

Tarehe ya kurudia iwe siku ya tatu, kisha siku ya kumi. Siku hiyo funika safu ya nne kwa rula na ufanye swali upya. Kosa hufutwa kwa mstari mmoja baada ya kulipata sawa mara mbili kwa siku tofauti. Usilifute kwa sababu umelielewa.

Kila Jumapili hesabu herufi. M zikizidi, tatizo lako ni kusoma swali, na kuongeza saa za kusoma hakutakufaa chochote. Jifunze maneno ya kuamrisha. "Taja" hutaka orodha. "Eleza" hutaka hoja na ufafanuzi wake. Katika Historia hoja isiyofafanuliwa haipati alama zake zote. "Linganisha" hutaka pande zote mbili katika sentensi moja.

Hatua ya 6: Karatasi nzima, kwa saa (kuanzia wiki ya 5)

Wiki nne za kwanza tumia maswali ya mada. Karatasi nzima mapema mno hukatisha tamaa na kukumalizia karatasi nzuri. Weka kando zile za miaka miwili ya karibuni kabisa. Hizo ni za wiki ya 10 na 11.

Kuanzia wiki ya 5, fanya karatasi mbili nzima kila wiki. Keti mezani, si kitandani. Hakuna kitabu, hakuna maji ya kwenda kuchota katikati. Muda ukiisha, badilisha kalamu iwe penseli na umalize maswali yaliyobaki. Alama za kalamu ndizo zako za leo. Za penseli zinaonyesha ungepata ngapi kama ungekuwa na kasi. Tofauti ikizidi alama 10, shughulikia kasi kabla ya maarifa.

Kasi ina hesabu yake. Karatasi ya Hisabati ni alama 100 kwa dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa alama, bila hata dakika ya kukagua. Jipe dakika 1 na sekunde 20 kwa kila alama. Swali la alama 3 lichukue dakika 4. Swali la alama 10 katika Sehemu ya II lichukue dakika 13 hivi. Utabaki na dakika 17 za kukagua. Katika Sehemu ya II jibu matano kati ya manane, basi. Kufanya la sita "kwa usalama" ni kuchukua dakika 13 kutoka kwa yale matano.

Onyesha kazi. Mwongozo wa kusahihisha Hisabati hutoa alama za njia na alama za jibu. Aliyeandika jibu tupu likawa na kosa hapati kitu; aliyeonyesha mistari miwili anaweza kuondoka na alama mbili kati ya tatu. Usikadirie katikati ya hesabu pia. Beba tarakimu zote kwenye kikokotoo, ukadirie mwishoni.

Sahihisha siku inayofuata, si dakika ileile. Ukiwa umechoka utajionea huruma na kujipa alama kwa "nilimaanisha hivyo". Ni bora zaidi mkibadilishana na mwenzako, maana yeye hajui ulichomaanisha, kama vile mtahini asivyojua.

Onyo moja. Jinsi Oktoba inavyokaribia, makundi ya simu hujaa karatasi zinazodaiwa kuwa za mtihani wenyewe. Wanaouza ni wezi wa pesa za ada, na anayekutwa na karatasi ya magendo matokeo yake hufutwa. Jitoe katika makundi hayo kabla ya Septemba kwisha.

Hatua ya 7: Kiswahili Karatasi ya 1, ambapo kukremu huonekana upesi

Kuna mtindo wa kukariri insha nzima na kuibandika kwenye swali lolote. Mtahini anaiona katika aya ya kwanza: jua linachomoza, ndege wanaimba, na swali liliuliza kuhusu taka mjini.

Karatasi hii ni insha mbili za alama 20 kila moja, kwa saa moja na dakika 45. Ya kwanza ni ya lazima, nayo ni ya uamilifu, yaani yenye sura maalumu kama barua au ripoti. Gawa muda hivi: dakika 10 za kuchagua na kupanga, 45 kwa kila insha, 5 za kusoma ulichoandika.

Zoezi zuri si kuandika insha kumi nzima. Andika mipango kumi, kila mmoja kwa dakika 5: sura ya insha (barua rasmi, ripoti, kumbukumbu za mkutano, hotuba, tahariri), hoja sita au saba, mfano mmoja kwa kila hoja. Kisha kwa wiki andika insha moja kamili. Kwa uamilifu hakikisha sura haina pengo. Barua rasmi isiyo na mtajo (maneno ya kumwita mwandikiwa), au kumbukumbu zisizo na waliohudhuria na waliotuma udhuru, hupoteza alama kabla hoja hazijasomwa.

Katika insha ya methali, kisa kibebe pande zote mbili. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" inadai mzazi anayeogopa kumkanya mwanawe, na baadaye mzazi huyo huyo akilia. Wengi huandika kurasa tatu za mtoto mtukutu na kumsahau mzazi.

Urefu wa kawaida ni maneno 400. Hesabu maneno ya ukurasa wako mmoja mara moja tu, ujue 400 ni kurasa ngapi za mwandiko wako, usihesabu tena.

Hatua ya 8: Maabara

Karatasi za vitendo za sayansi zina alama 40, kwa hiyo zisiachwe mwisho. Huwezi kukariri mkono. Omba mwalimu angalau vipindi vinne vya maabara kabla ya Oktoba, hata kama ni kikundi cha watu sita.

Katika titresheni ya Kemia (kupima ujazo wa myeyusho unaotoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo) alama za jedwali ni za bure kwa aliyejizoeza: jedwali lililokamilika lenye usomaji wa mwisho, wa mwanzo na ujazo uliotumika mara tatu, desimali zinazofanana kote, usomaji ulio karibu na wa mwalimu, na wastani wa vipimo vinavyokubaliana, visivyopishana zaidi ya 0.2 cm³. Makosa yanayojirudia ni kugeuza usomaji wa mwanzo ukawa juu, kuandika 24 mahali pamoja na 24.1 pengine, na kuweka namba inayozidi 50 ambayo bureti yenyewe haina.

Shule ikikosa kemikali za kutosha, chora jedwali tupu nyumbani mara tano kwa kumbukumbu, pamoja na vichwa na vipimo vyake. Hilo halihitaji maabara.

Hatua ya 9: Wiki mbili za mwisho

Hakuna mada mpya. Duara lililobaki libaki. Kazi ni kadi zilizo katika Kesho na Siku 3, na makosa ambayo hayajafutwa. Punguza vipindi viwe viwili kwa jioni.

Fanya angalau karatasi mbili alasiri. Kisumu joto la saa nane mchana huleta usingizi, na mwili uliozoea kufikiri usiku pekee hushangaa. Nakuru tatizo ni baridi ya asubuhi: vaa sweta, kwani vidole vilivyoganda huandika polepole.

Lala ndani ya neti kila usiku, hasa kanda ya ziwa. Homa ikianza, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upimwe malaria. Kumeza vidonge vilivyobaki vya ndugu yako kunaweza kukufikisha kwenye karatasi ya kwanza ukiwa hoi.

Mzazi au mlezi ana sehemu yake. Usimuulize mtoto "umesoma?" Jibu ni ndiyo daima. Mwambie achukue kadi tano, umuulize, hata kama somo hulijui; jibu liko nyuma. Na kwa wiki hizi za mwisho, kuchota maji na kulea mdogo wake jioni kumwangukie mwingine.

Hatua ya 10: Siku za karatasi

Usiku wa kuamkia karatasi, pitia daftari la makosa la somo hilo kwa dakika 40, panga kalamu mbili, penseli, rula na kikokotoo, ulale saa ileile ya kila siku. Asubuhi kunywa uji au chai na kitu cha kutafuna ulichokizoea.

Ndani ya chumba, soma karatasi yote kwanza. Anza na swali unaloliweza. Ukikwama dakika mbili bila kuandika, weka nukta pembeni uende mbele. Mara nyingi jibu huja ukiwa kwenye swali jingine.

Ukitoka, usisimame kwenye duara la kulinganisha majibu chini ya mti. Karatasi hiyo imekwisha kufungwa kwenye bahasha yake na hakuna neno litakaloongezeka. Nenda ule, nawa uso, ufungue daftari la makosa kwenye somo la karatasi inayofuata.